Picha iliyopigwa saa isiyo yake

Dokta aliweka CD ya kwanza kwenye kompyuta yake, akazishusha picha taratibu mpaka ini likajaa kioo chote. Kijivu kitupu. Halafu akafungua dirisha la pili pembeni, ile skaneri mpya ya CT, akatafuta usawa uleule: mbavu zilezile, figo ya kulia palepale, kifuko cha nyongo palepale. Upande wa kulia wa ini kulikuwa na doa jeupe la duara, kingo zake safi.

"Hili ini ni la mtu mmoja?" nikauliza.

"Ni la kaka yako, Papa. Na siku hazijapishana sana."

"Basi hiki kimeota lini?"

Akatikisa kichwa. Hakikuota. Kilikuwepo. Ile ya kwanza ilipigwa wakati kimejificha.

Nilishuka ngazi na bahasha mbili mkononi. Kwa wiki nyingi tangu hapo swali moja limekuwa likinisumbua, kazini, njiani, hata kanisani: mara ya kwanza tulilipia nini?

## Yaya

Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka yangu, ni dereva wa lori. Maisha yake ni Lubumbashi, Kasumbalesa, foleni ya mpakani, kisha kurudi. Miaka hamsini bado hajafika. Kwamba ana hepatiti B, virusi vya ini, alijua zamani, siku alipokwenda kumtolea damu jirani, damu yake ikakataliwa. Wakamwambia aache pombe. Akaacha. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye virusi hivyo anapaswa kufuatiliwa, na kwa kuwa hakuumwa popote, aliendelea na safari zake.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua: suruali inalegea, maumivu chini ya mbavu za kulia, kila anayekuja kusalimia ana mzizi wake wa kuchemsha. Ekografi, kipimo cha mawimbi ya sauti, ikaonyesha bonge la sentimita nne kwenye ini. Aliyeisoma akaandika kwenye kikaratasi: skaneri ya tumbo pamoja na sindano.

Maneno hayo tu.

Tukaenda. Mashine nzuri, mpya, chumba kina baridi. Fundi akaingiza kontrasti, dawa inayofanya damu ing'ae kwenye picha, kwenye mshipa, akasubiri zaidi ya dakika moja, akapiga mara moja, akasema tayari. Majibu yakasema ini halina kitu kinachoonekana wazi. Usiku ule huko Katuba, mtaani kwetu Lubumbashi, tulimshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakaja kuimba nasi. Ni shemeji, mke wa Yaya, aliyeuliza watu walipoondoka, akikusanya sahani za bukari: "Na zile sentimita nne zimekwenda wapi?"

## Ini linakunywa kwa njia mbili

Viungo vingi mwilini hupata damu kwa ateri peke yake. Ini lina milango miwili. Robo tatu hivi ya damu yake huingia kwa vena ya porta, ikitoka kwenye utumbo na wengu na chakula ndani yake. Robo inayobaki huja kwa ateri ya ini. Fikiria parseli yenye nyumba nyingi zinazotumia bomba kubwa la mtaa, na pembeni kuna foraji, kisima kidogo cha kuchimbwa, ya kusaidia. Anatokea mpangaji mmoja anayejivutia mpira wake hadi kwenye foraji, na bomba la mtaa hataki hata kuligusa. Mpangaji huyo ndiye kansa ya ini. Kadiri inavyokua inaota mishipa mipya kutoka upande wa ateri, na vena ya porta inaachana nayo.

Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Boston, aliandika mwaka 1971 kwamba uvimbe hauwezi kupita ukubwa wa milimita chache bila kujipatia mishipa mipya. Kwa miaka mingi wenzake wengi hawakumwelewa. Kwenye ini jambo lake linaonekana kwa macho, mradi ujue sekunde ya kutazama.

Maana kontrasti ikiingia kwenye mshipa wa mkono haifiki kila mahali kwa wakati mmoja. Inapita moyoni, mapafuni, moyoni tena, ndipo inaingia kwenye ateri. Karibu na sekunde ya 35 ateri zimejaa, lakini ini lenyewe bado halijang'aa, kwa sababu sehemu kubwa ya damu yake bado inazunguka utumboni. Uvimbe unaokunywa kwa ateri unawaka peke yake. Kati ya sekunde ya 60 na ya 80 damu ya porta imefika, ini zima limepanda rangi, na uvimbe unaweza kuzama ndani yake usionekane kabisa. Baadaye, kati ya dakika ya pili na ya tano, mambo yanageuka: ini bado limeshika kontrasti, uvimbe umeshaiachia, sasa ndio wenye giza.

Unawaka, unazama, unakuwa mweusi.

Picha ya kwanza ya Yaya ilipigwa pale kwenye kuzama.

Na huku kuwaka kisha kufifia ndiko kunakompa mgonjwa jina la ugonjwa wake. Mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au hepatiti B sugu, akiwa na bonge la kuanzia sentimita 2 linalowaka kwenye ateri kisha likafifia kuliko ini, anaweza kuambiwa ana kansa ya ini bila kuchomwa sindano ya kutoa kipande. Kansa zinazotambuliwa kwa picha peke yake namna hiyo ni chache mno. Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mwaka 2011 utaratibu wa kusoma picha hizi, unaoitwa LI-RADS, na daraja lake la LR-5 maana yake ni kansa ya ini, hakuna ubishi. Lakini utaratibu huo ni kwa watu walio kwenye hatari hiyo peke yao. Kwa mtu mwenye ini lisilo na ugonjwa, doa linalowaka linaweza kuwa kitu kisicho na madhara yoyote, na mwenye haraka anaweza kumtia mtu kaburini kwa maneno.

## Mara ya pili

Safari hii Dokta aliandika maombi mwenyewe, kwa mkono, na maandishi yakafika nusu ya karatasi. Kwanza bila kontrasti. Kisha ateri, mwisho mwisho wake. Kisha porta. Kisha ya kuchelewa. Sindano ipite kwa pampu, si kwa mkono wa mtu, na kasi yake akaitaja. Mrija mpana, uwekwe kwenye kiwiko, si mgongoni mwa kiganja. Kreatinini ipimwe kabla, kwa ajili ya figo.

Fundi aliisoma ile karatasi mara mbili. Kijana mpole. Alimfanyisha Yaya mazoezi ya pumzi kabla ya chochote: vuta, toa, shika hapo hapo usitikisike. Akaangalia tumbo kama limetulia, akarudia. Baadaye Yaya alitusimulia kwamba kontrasti ilipoingia alihisi joto likishuka kutoka kooni mpaka kwenye kibofu, akadhani amejikojolea, akalala pale anaona aibu badala ya kuhesabu pumzi. Fundi alikuwa amemwonya juu ya joto. Juu ya mkojo hakumwambia.

Nilimwuliza yule kijana kama kazi ya namna hii anaifanya mara nyingi. "Wengi wanaandika tumbo tu," akajibu. "Nikiandikiwa tumbo, napiga tumbo."

Siwezi kumlaumu, wala yule wa kwanza. Mashine inapofika mjini tunaizindua kwa ribani, wakubwa wanapigwa picha mbele yake, redio zinatangaza. Kikaratasi cha maombi hakina mzinduzi. Lakini kwenye ini ndicho kinachoamua kama mashine ya mamilioni itaona au itakuwa kipofu. Kama kuna jambo moja ningependa watu wangu wa Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa yetu ya Lubumbashi, walijue, ni kwamba wakienda kulipia skaneri ya ini waulize watapigwa mara ngapi baada ya sindano. Ukijibiwa mara moja, rudi kwa daktari wako kwanza. Pesa itakuwa bado iko mfukoni.

## Rangi na tarakimu

Nikaanza kusoma usiku, umeme ukiwepo. Nikajiuliza: kama nyakati tatu zinasema mengi hivi, kwa nini wasipige nyakati zote?

Wanapiga. Kuna skaneri ya mtiririko wa damu, ambayo meza inabaki kwenye ini na picha zinachukuliwa tena na tena kila baada ya sekunde chache, kwa dakika moja au zaidi. Kompyuta inachora jinsi kila nukta ya ini ilivyopanda na kushuka, kisha inatoa tarakimu: mililita ngapi za damu zinapita kwa dakika katika kila mililita 100 za ini, damu inakaa humo muda gani, na sehemu gani ya damu hiyo imetoka kwenye ateri. Zinapakwa rangi. Kwenye ini lisilo na ugonjwa sehemu ya ateri ni ndogo. Kwenye kansa inaruka juu sana. Nilipoona ramani ya kwanza ya aina hiyo, bluu kote na nyekundu mahali pamoja, niliona tumepata dawa ya kila swali. Nikampelekea Dokta ujumbe: tuitafute popote ilipo.

Alinijibu kesho yake, kwa simu, bila haraka. Kwanza mionzi: picha nyingi mahali pamoja, na Yaya atahitaji kurudiwa kwa miaka. Pili pumzi: ini linapanda na kushuka na kiwambo, na nukta uliyokuwa unaihesabu inakukimbia. Tatu, tarakimu zenyewe. Programu ya kampuni hii na ya kampuni ile zinaweza kumpa mgonjwa mmoja hesabu tofauti, kwa sababu ini lina milango miwili ya damu na kila programu ina njia yake ya kuitenganisha. Ukipimwa huku leo na kule kesho, huwezi kulinganisha.

"Kwa kujua kama ni kansa," akasema, "nyakati zilizopigwa vizuri zinatosha. Hizo tarakimu ziko zaidi kwa watafiti."

Nilimsikia. Sikuridhika sana, nakiri, kwa sababu kwenye kusoma kwangu nilikuwa nimekutana na habari ya soradenibu — samahani, sorafenibu, jina lenyewe linamshinda hata mfamasia wetu. Dawa hii inabana njia ambazo uvimbe unazitumia kujiotea mishipa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulikuwa na wagonjwa 602. Waliopewa dawa waliishi miezi 10.7 kwa kipimo cha katikati, yaani nusu yao waliishi chini ya hapo na nusu zaidi; wasiopewa 7.9. Miongoni mwa waliopewa, ni asilimia 2 tu ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulipungua ukubwa kiasi cha kuhesabiwa.

Isome tena hiyo. Watu waliishi zaidi, na rula karibu haikuona kitu.

Kwa hiyo kwenye kufuatilia dawa ya namna hii, anayetazama ukubwa peke yake yuko gizani, na hapo mtiririko wa damu una la kusema mapema. Nilimrudishia Dokta hoja hiyo, akacheka, akasema tuongee tena Yaya akianza matibabu.

## "Hakijapungua"

Tuliuza parseli ya barabara ya Kasapa. Sitaeleza vikao vya familia vilivyotufikisha hapo, kila ukoo una vyake. Yaya akaenda Afrika Kusini, wakapitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya mguu mpaka ndani ya ini, wakamwaga dawa ya kansa iliyochanganywa na mafuta yenye iodini ndani ya mishipa inayolisha bonge, kisha wakaiziba. Bonge linabaki na njaa. Ini lenyewe linaendelea kuishi kwa vena ya porta. Mwaka 2002 tafiti mbili, moja ya Barcelona na nyingine ya Hong Kong, zilionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri huishi muda mrefu zaidi kwa njia hii. Waliochaguliwa vizuri: ini liwe bado linafanya kazi, na vena ya porta iwe wazi.

Baada ya mwezi na kitu, skaneri ya kuangalia. Mtoto wa shangazi aliyepokea majibu akapiga picha karatasi, akaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla mtu yeyote hajaisoma. Mstari mmoja ukazunguka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kwa robo saa: ukubwa haujabadilika.

Mama mkubwa akatuma sauti ya kilio. Mwingine akauliza parseli imeuzwa kwa nini. Yaya mwenyewe alikuwemo kwenye kundi, anasoma yote, hasemi.

Mimi nilikimbilia kwa Dokta. Akanionyesha kwamba bonge linaweza kufa na likabaki na sentimita zake zilezile kwa miezi, maana mwili hauna haraka ya kuondoa maiti ya kitu kikubwa hivyo. Ndiyo sababu wataalamu waliokutana Barcelona mwaka 2000 walisema ipimwe sehemu iliyo hai tu, na mwaka 2010 Riccardo Lencioni na Josep Llovet wakaiweka sawa kwenye kanuni inayoitwa mRECIST: rula iwekwe kwenye kinachowaka wakati wa ateri, kisichowaka kisihesabiwe.

Vizuri. Basi kinawaka au hakiwaki?

Hapo akanyamaza kidogo. Yale mafuta yenye iodini ni meupe kwenye skaneri kabla hata ya sindano. Bonge lote la Yaya liling'aa katika kila wakati, na kama kulikuwa na damu nyuma ya weupe ule, hakuna aliyeweza kuiona. Akachukua ekografi yenye Doppler, inayopaka rangi damu inayotembea, hakuna hata nukta nyekundu. Nikafurahi. Akanizuia: Doppler haioni mishipa myembamba yenye damu ya polepole, hasa ikiwa ndani sana. Kutokuona rangi si ushahidi wa kutokuwepo damu.

Ilibidi IRM, mashine ya sumaku, ambayo haisumbuliwi sana na yale mafuta. Ikaonyesha sehemu kubwa imekufa, na ukingoni, upande wa nyuma, mwezi mchanga mwembamba bado unakunywa.

Niliandika kwenye kundi: kilichobaki hai ni kidogo, kitafuatwa tena. Mama mkubwa akajibu na emoji ya mikono iliyofumbatana. Sina hakika alielewa. Yaya alielewa, maana jioni ile alinipigia kuuliza bei ya dizeli.

## Za nani hizi picha?

Kuna kitu hakinipi raha, nitakisema kama kilivyo.

Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti mkubwa wa nchi tisa za Afrika, wagonjwa zaidi ya 2,500 wa kansa ya ini. Misri peke yake, wenye mpango wa kuwafuatilia watu, kipimo cha katikati cha kuishi kilikuwa miezi 10.9. Nchi nyingine zote kwa pamoja: miezi 2.5. Na umri wa katikati huko kwingine ulikuwa miaka 46, wakati Misri ni 58. Wanaokufa haraka ndio vijana.

Kwa hiyo wengi wanaofika hospitali zetu wanafika na tumbo lililojaa maji na macho ya njano. Kumpeleka mtu huyo kwenye skaneri ya nyakati zote, familia ikiuza pikipiki, ili tu ugonjwa upate jina lake kamili? Naona si haki. Apewe mofini ya kutosha, alale nyumbani kwake. Najua wako watakaonikasirikia, hasa wale walioambiwa "mfanyieni kila kitu". Lakini kabla ya kipimo chochote ningetaka daktari ajibu: majibu yakiwa hivi tutafanya nini, na yakiwa vile tutafanya nini? Kama njia zote mbili zinaishia mahali pamoja, picha ni ya nani?

Kwa mwenye hepatiti B ambaye bado yuko kwenye miguu yake, mambo ni kinyume. Ekografi kila miezi sita si ghali, na bonge likikutwa dogo ndipo skaneri ya nyakati zote inakuwa na maana.

Na kuna njia ya katikati ambayo sielewi kwa nini haizungumzwi kwetu. Ekografi yenye kontrasti: viputo vidogo vya gesi, vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, vinachomwa mkononi, na daktari anaona moja kwa moja kwenye kioo damu ikiingia kwenye bonge. Hakuna mionzi, figo hazisumbuliwi, gesi inatoka kwa pumzi. Ulaya walianza kutumia aina moja mwaka 2001. Marekani wakairuhusu kwa ini mwaka 2016. Hata aina ya kansa inaweza kudokezwa: ile ya ini yenyewe huachia viputo kwa kuchelewa na kidogo kidogo, baada ya dakika moja, na ile iliyohamia kutoka kwingine huviachia mapema. Tajiri anayetafuta mahali pa kuweka jina lake ningemwomba chupa hizo, na mtu wa kufundisha, kabla ya mashine nyingine ya ribani.

Yaya anarudi Afrika Kusini mwezi ujao kwa ule ukingo. Safari hii familia imekubali kwamba majibu yatapitia kwangu na kwa shemeji kwanza, mtoto wa shangazi ametolewa kwenye ujumbe wa kliniki. Watoto wamepimwa hepatiti B wote. Wadogo, waliopata chanjo ya pentavalenti wakiwa na wiki 6, 10 na 14, wako salama. Kifungua mimba, anayesoma chuo kikuu huko Kasapa, anavyo virusi. Anasema ana mitihani, ekografi ingoje. Nimempangia Jumanne. Anatakiwa kwenda na njaa, na kwa kuwa namjua na chapati zake za asubuhi, saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni kwake.